Taa Moja Mlangoni

Ametukuka Aliyeumba nuru na kiza, akakiwekea kila kimoja mpaka wake. Kwake twaanza, na rehema zimfikie Mtume na waliomfuata. Ama baada ya hayo: Amisi ndiye mwenye taa, Pontiani ndiye mwenye tamasha, na Agata ndiye mwenye msiba.

Amisi alisimama kizingitini kwa Agata, viatu mkononi. Ndani, wanawake wa Rumonge, mji wa kando ya ziwa, waliketi mikekani wakimlilia Irakoze, binti pekee wa Agata, aliyekanyagwa jana kwenye tamasha la roki.

Mwezi ulikuwa mpevu. Siku hizo ndagala, dagaa wa ziwani, hawazifuati taa, wavuvi hushinda nchi kavu, na Pontiani aliwalenga wao alipoita bendi kutoka Bujumbura. Alipanga ghala la zamani la mawese, akamkodi Amisi, jenereta yake na taa zake za mtumbwini. Bendi ilichelewa mno. Zikaruka chupa, yakafuata mawe, kisha ngumi. Amisi akafanya alilolifanya ziwani umri wake wote: kundi la ndagala likihangaika, mwenye taa huzizima moja moja, akabakiza moja, nao hutulia na kukusanyika chini yake. Alizizima zote, akabakiza ya mlangoni.

Lakini binadamu si ndagala. Waliifuata wote kwa pamoja, wakakanyagana mlangoni, na wengi hawakuinuka.

"Papa Amisi, ingia basi, usisimame hapo kama mugeni," Pontiani aliita, kisha akamsogelea na kushusha sauti. "Nasikia unataka kwenda polisi. Achana nayo. Yule kijana Anwari iko ndani tayari, kule polisi. Ni yeye alirusha chupa ya kwanza."

"Chupa haikuua mtu."

"Na wewe utawaambia nini? Kwamba uliwavua?"

Agata, mkekani karibu na mlango, alisikia, akainua uso. Kambi ya wakimbizi ya Tanzania ilikuwa bado katika Kiswahili chake.

"Pontiani, mlango wa nyuma aliufunga nani?"

"Ni mimi, mama. Watu walikuwa wanaingia bila tiketi."

"Nawe, baba Amisi, mwanangu aliiona taa yako?"

"Aliiona, dada."

"Kambini nilimfundisha mwenyewe: giza likikukuta, ikimbilie taa." Akaupapasa mkeka. "Sasa nimlaumu nani, nami nimo?"

Pontiani aliichukua kofia yake, akasema Mungu atufariji, akatoka kupitia uani. Amisi alishika njia ya kituoni. Agata alimfuata kwa nyuma, peku.

Afisa wa zamu alimsikiliza hadi mwisho, alivyozizima taa na kubakiza ya mlangoni.

"Murakoze, muzee, kwa kusema ukweli," alisema, akaufungua mlango wa mahabusu. "Ingia."

"Na kijana?"

"Abaki. Wafu ni wengi. Mutu mumoja hatoshi."

Amisi alikuwa amejiandaa kwa adhabu. Kwa hilo hakujiandaa. Akasukumwa ndani. Anwari, uso umevimba, alisogea ukutani kumpisha kwenye sakafu ya saruji.

Nje, Agata alikaa chini kando ya ukuta uleule, akingoja asichokijua, upepo wa ziwa ukivuta pindo la kitenge chake.

Ee Mola, waliotangulia umekwisha kuwapokea. Hawa waliobaki, wa ndani ya ukuta na wa nje yake, wape pa kuegemea. Amina.