Kitanda cha Mwaloni

Wazazi wetu walipokubali kuhama nyumba yao ya Yorkton, mimi na kaka yangu Danylo tulidhani kazi ngumu imekwisha. Baba yetu, Orest, alikuwa na ugonjwa wa kutetemeka mikono. Mama, Stefania, alikuwa ameanguka kwenye ngazi akavunjika nyonga, na sasa alitembea akisukuma kigari cha magurudumu. Tuliwapatia fleti ndogo kwenye jengo la wazee lenye lifti, karibu na kanisa lao, mahali ambapo theluji mlangoni huondolewa na mtu mwingine.

Danylo anaishi mbali, Calgary, kwa hiyo kufungasha kuliniangukia mimi. Nilikwenda nikiwa nimejiandaa kumbembeleza Mama. Kumbe Mama alikuwa akigawa vitu kama mtu anayetua mzigo. Masufuria makubwa aliyopikia kabichi za harusi za nusu ya mji yaliondoka siku ya kwanza.

"Halya, peleka, peleka," aliniambia. "Nimeyasugua vya kutosha. Na mwingine naye ayasugue."

Baba ndiye aliyekuwa akipita nyuma yangu kufukua maboksi. "Huu msumari una kosa gani?" aliuliza. "Umepinda tu."

"Hata wewe umepinda," Mama akajibu kutoka jikoni, "na tunakubeba."

Basi tukawa tunacheka, mpaka nilipotaja vitanda.

Nesi aliyekuwa akija kuwaangalia alikuwa ameshauri kila mmoja alale kitanda chake, na Danylo alishaagiza viwili vya mtu mmoja mmoja. Niliwaambia tukiwa tunakunywa chai. Mama akaweka kikombe chini.

"Viwili vya nani?"

"Vyenu, Mama. Kimoja chako, kimoja cha Baba."

"Kwani tumegombana?"

"Nesi anasema Baba anarusha miguu usingizini. Ataiumiza nyonga yako."

"Huyu ananipiga mateke tangu wiki tuliyooana. Nesi anadhani ameanza juzi?"

Nilimweleza kwamba nimekipima chumba. Kitanda chao kikiingia, kigari chake hakitapata njia ya kupita. Mama alisukuma kigari chake hadi chumbani akafunga mlango, na mimi nikabaki nikiitazama chai yake ikipoa.

Kitanda hicho Baba alikitengeneza mwenyewe kabla ya harusi, kwa mbao za mwaloni za mabenchi ya kanisa la zamani la kijijini kwao. Kwenye ubao wa kichwani alichonga masuke ya ngano. Mama hupenda kusema kwamba ndiyo maana Baba akikilalia tu anasinzia, kama alivyokuwa akisinzia kanisani.

Baba aliutazama mlango aliofunga Mama. Kisha akauliza, "Kinazidi kiasi gani?"

"Futi moja na kidogo."

"Basi kipunguzwe."

Danylo alipiga kelele kwenye simu. "Mzee ashike msumeno? Una akili kweli?"

"Nitashika mimi."

"Wewe? Wewe ambaye hata picha ukiitundika ukutani inakaa upande?"

Kesho yake asubuhi mimi na Baba tulikifungua kitanda, tukakipeleka gereji vipande vipande. Mifumbati, zile mbao ndefu za ubavuni, hatukuigusa, maana urefu haukuwa na shida. Nilianza na chaga, Baba akiwa kwenye kigoda, ananielekeza.

"Usiukandamize. Msumeno una meno yake. Wewe utembeze tu."

Chaga zilikatika, nzuri na mbaya. Ilipofika zamu ya ubao wa kichwani Baba aliinuka mwenyewe. Alitaka kukata pande zote mbili sawasawa ili masuke yabaki katikati, ingawa yale ya pembeni yangekwenda. Aliweka rula, akashika penseli. Mstari ukatoka umeparaganyika. Akaufuta kwa msasa, akajaribu tena, ukawa vilevile. Aliiweka penseli chini akageukia dirishani, na mimi sikujua niangalie wapi.

Sijui Mama alikuwa amesimama mlangoni tangu saa ngapi. Aliingia na kigari chake, akaokota penseli.

"Niambie wapi."

"Hapo. Hapana, kushoto. Kushoto kwako, mama wee."

"Kushoto ni kumoja tu, Orest."

Baba alibana rula kwa viganja vyote viwili, Mama akapiga mstari, ukanyooka. Kisha Baba akaninyooshea mkono apewe msumeno. Nilisita. Mama akaniangalia.

"Mpe."

Mwanzoni msumeno ulirukaruka juu ya mbao. Baba akatukana kwa Kiukreni, akajaribu tena, safari hii meno yakauma. Msumeno ulipokwishaingia ndani ya mwaloni, ni kama mbao yenyewe iliushika mkono wake ukatulia. Nililala juu ya ubao kuuzuia usicheze. Alikata akapumzika, akakata tena, jasho likimtoka ingawa gereji ilikuwa baridi. Kipande kilipodondoka alikuwa anahema. Upande wa pili hakuuanza. Alinipa msumeno.

Nilipomaliza alipitisha kidole kwenye mkato wangu. "Umepinda."

"Sana?"

"Kidogo. Huu utakuwa upande wa mama yako."

"Kwa nini wangu?" Mama akadakia. "Fundi ni wewe!"

Siku ya kuhama, Danylo alikuja na gari la mizigo. Alikiunga kitanda kwenye fleti, akapima nafasi, akavuta kigari cha Mama mpaka dirishani na kurudi. Alitoka koridoni akapiga simu kufuta oda yake ya vitanda viwili.

Sitasema nesi alikosea. Majira ya kuchipua yalipofika Baba aliteleza akaanguka kutoka kitandani, akavilia damu bega zima. Nesi alirudi na ushauri uleule. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akamkaribisha chai, kisha akamwambia Danylo afunge kizuizi cha chuma ubavuni. Kimefungwa, na wanalala.

Nyumba yao ya zamani ilinunuliwa na vijana wenye watoto. Kila Jumapili nikiwatoa kanisani kuja kula kwangu nilikuwa nazunguka mtaa wa nyuma, wasiione. Mwezi uliopita Baba akasema, "Halya, unamaliza petroli bure. Pita njia yetu."

Nikapita, polepole. Mlango ulikuwa umepakwa rangi ya kijani, na bembea ilining'inia uani.

"Wamepaka vizuri," Baba akasema.

"Kijani?" Mama akasema. "Kwa mlango wangu?" Lakini aligeuza shingo kuutazama mpaka tulipokata kona.