Dalmas Analala Ukutani

Mwaka wa tisini na nane, Joram aliweka kompyuta na projekta zake katika ukumbi wa mtaa, Kisumu, akatundika mashuka meupe kuta zote. Alikuwa ameajiriwa kuwaonyesha watu mji utakavyokuwa: barabara pana, maduka ya ghorofa, watu wanaotembea bila mizigo. Ukisimama katikati, mji unakuzunguka.

Alipobonyeza kitufe, zikatokea nyumba za udongo zilizobomolewa mwezi Machi kupisha barabara hiyohiyo. Joram akakagua waya. Waya zilikuwa sawa.

Kisumu habari haifichiki, na kabla ya chai ya saa nne ukumbi ulikuwa umefurika. Kageha, muuza mandazi, aliingia ukutani akatoka na sufuria yake iliyofukiwa na tingatinga. "Hata sabuni iko tu pale kwa karai," akasema. Wengine walikaa kwenye veranda zao za zamani, wakaendelea kusengenya pale walipoachia.

Ndipo akaja Seline. Mumewe Dalmas alikuwa amefia hospitalini. Alilazwa kabla ya ubomoaji, na kila alipoulizia nyumba, Seline alimjibu kwamba paa bado linavuja. Sasa angezikwa Ahero, kwa nduguye. Lakini Mjaluo mwenye boma lake hazikwi kabla hajalala ndani ya nyumba yake mwenyewe, na chumba cha Seline kule Nyalenda kilikuwa cha kupanga. Wazee walishasema: asipolala kwake, atarudi kuuliza, na atakaowauliza ni watoto.

"Bwana Joram," Seline akasema, "ile ya mlango wa bluu ni yangu. Usizime mashine."

"Na stima ikipotea, Mama?"

"Tutangoja irudi. Kungoja tumezoea."

Jioni waliingiza jeneza ukutani. Ilibidi waliinamishe kidogo, maana mlango ule ulikuwa mwembamba tangu zamani. Dalmas aliujenga mwenyewe na hakukubali kukosolewa. Wanawake wakaimba. Kageha akapika chai kwa sufuria yake. Moshi wa kuni ukaujaza ukumbi, na Joram akakaa karibu na swichi asije mtu akaigusa.

Asubuhi walipomtoa, jeneza lilikuwa limedondokewa na masizi ya dari.

Mlangoni mwa ukumbi alisimama Bwana Shitanda, ofisa wa mipango ya mji, ameshika kopo la rangi nyekundu. Alivua kofia mpaka maiti ikapita. Kisha akaingia ukutani, akazunguka nyumba, akagongagonga nguzo.

"Pole sana, Mama," akamwambia Seline. "Lakini hata huku mmejenga bila kibali."

"Na huku mnapitisha nini?"

"Barabara."

Akachora alama ya X kwenye mlango wa bluu, kwa uangalifu, rangi isichuruzike. Seline akamwomba asogee kidogo. Akafunga mlango kwa ufunguo ambao hakuwa ameutupa tangu Machi, akaufundika kwenye pindo la leso, akaenda kupanda pikapu ya Ahero.

Kwenye shuka la nyuma, tingatinga lilikuwa limeshawashwa.