Ekseli Moja au Mbili

Mume alikuwa seremala, na kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona bila vumbi la mbao kichwani, mtaa mzima ulimwita Randa. Mkewe waliyemwita Dereva ndiye aliyeendesha pikapu yao. Randa naye alikuwa na leseni, lakini tangu siku alipoiingiza pikapu mtaroni akiwa anakodolea macho mlango wa watu uliopachikwa vibaya, hakugusa tena usukani, wala hakuna aliyemwomba aguse.

Kazi ilikuwa imekua hadi pikapu ikawa ndogo. Vitanda vya nyumba moja ya wageni viliwapeleka njia ileile mara tatu, na mara ya tatu mlinzi wa getini aliwauliza kama wamehamia. Jioni hiyo wakakubaliana kununua trela. Makubaliano yao yakaishia hapo.

Randa alitaka trela la ekseli mbili, lenye tairi mbili kila upande. Dereva alitaka la ekseli moja, tairi moja huku na moja kule, jepesi, lisilo na makuu.

"Sisi tunabeba vitanda," Dereva alisema. "Hatubebi nyumba."

"Kazi inakua, mke wangu. Leo vitanda, kesho hujui."

"Kesho vitanda. Keshokutwa makabati. Nakujua."

Wakaenda kwa mdogo wake Dereva, fundi wa kuchomelea ambaye watu walimwita Cheche, aliyekuwa akiunda matrela katika uwanja uliojaa vipande vya chuma. Mawili yalikuwa tayari, yamepakwa rangi, yamekaa ubavu kwa ubavu. Randa alilizunguka lile la ekseli mbili, akainama, akaligonga kwa kifundo cha kidole huku ametega sikio.

"Shemeji," Cheche akamwambia, "hicho ni chuma. Ukikigonga hakikwambii kama kimekauka."

Randa akajifanya hakusikia, akagonga upande wa pili.

Cheche alikulia nyumba moja na dada yake. Alijua wakiachwa wabishane pale, hatachomelea hata bawaba siku hiyo. Akawaambia walichukue la ekseli moja wakalete nalo mbao kutoka kiwanda cha kupasua magogo, walirudishe, kisha wachukue lile lingine kwa mzigo uleule. Baada ya hapo wamwambie wanataka lipi.

Safari ya kwanza, Dereva alitoka kiwandani akiwa na furaha. Furaha hiyo ilifika hadi kwenye mteremko. Hapo trela likaanza kukata mauno nyuma ya pikapu kana kwamba limealikwa harusini. Kila tuta la barabarani lilipowapokea, trela liliruka, na mkia wa pikapu ukaruka nalo. Dereva akaushika usukani kwa mikono miwili na kupunguza mwendo hadi baiskeli ikawapita. Pembeni yake Randa alikuwa ameshaandaa maneno, anasubiri tu mkewe alalamike ayatoe.

"Barabara imeharibika siku hizi," Dereva alisema, akabadilisha gia.

Karakana yao ilikuwa ndani ya uchochoro wenye kona kali mbele ya kibanda cha fundi cherehani. Gari na trela havikuweza kukata kona ile vikiwa vimeungana. Ilibidi trela lifunguliwe, lipunguzwe mzigo, kisha lisukumwe kwa mikono. Kazi hiyo ilikuwa ya Randa. Alishika mkono wa trela, akauinua, na trela zima likageuka palepale lilipo, kama toroli. Akalisukuma hadi ndani bila kutoa jasho.

"Leo umekula nini, Randa?" fundi cherehani akamuuliza.

Randa alikuwa amesimama analitazama trela jinsi mtu anavyomtazama mgeni aliyemsema vibaya kabla ya kumjua.

Safari ya pili walivuta lile la ekseli mbili. Mzigo ulikuwa uleule, mteremko uleule, matuta yaleyale. Trela likawafuata kimya, limetulia, na walipofika katikati ya mteremko Dereva alijikuta anaimba. Randa alipaswa kufurahi, kwa maana hilo ndilo alilolitaka. Lakini kadiri uchochoro ulivyokaribia, ndivyo alivyozidi kugeuka nyuma kuzihesabu tairi.

Kwenye kunyooka trela lilikwenda. Kwenye kona likagoma. Tairi nne zilitaka kwenda mbele, na mbele kulikuwa na ukuta. Randa alivuta, akasukuma, akaning'inia kwenye mkono wa trela kwa uzito wake wote. Fundi cherehani akatoka kibandani na futi yake shingoni, akapima upana wa trela, akapima upana wa njia, kisha akatikisa kichwa kwa huzuni.

"Naweza kulipunguza kidogo kiunoni," alisema.

Hatimaye majirani walikuja, wakalisogeza kwa kuliburura kiubavu, na tairi zikachimba udongo kama jembe. Usiku ule Dereva alimchua mumewe mgongo kwa dawa yenye harufu ya kufukuza mbu.

"Ekseli mbili," alisema huku akikanda, "na mgongo mmoja."

Walipolirudisha, Cheche alizima mashine, akainua kinyago chake cha kuchomelea.

"Haya. Mnataka lipi?"

"La ekseli mbili," Dereva alisema.

"La ekseli moja," Randa alisema wakati huohuo.

Wakageukiana. Cheche akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Mlikuja hapa mnabishana," alisema. "Sasa mnabishana tena, ila mmebadilishana viti. Mimi nimwuzie nani?"

Dereva akacheka kwanza, Randa akafuata, kisha akakumbuka mgongo wake akaacha. Kicheko kilipotulia, Dereva alisema, bila mzaha, kwamba kwenye ule mteremko aliogopa. Alidhani trela lingewapindua.

"Mbona ulisema barabara imeharibika?"

"Ulikuwa umekaa hapo unasubiri nikiri. Ningekiri vipi?"

Randa kweli alikuwa amekaa akisubiri, tena kwa hamu.

"Basi ni mbili," alisema mwishowe. "Wewe ndiye unayekaa nalo barabarani."

"Na kona?"

"Tutaachana na kona. Nitavunja ukuta wa nyuma."

Dereva akamkazia macho. Nyuma ya karakana kulikuwa na mtaa mpana, ambako gari lingeweza kurudi nyuma na trela lake likanyooka hadi ndani. Lakini ukuta ule uliegemewa na mbao za Randa, zile nzuri alizoziacha zikauke taratibu, ambazo hata paka alifukuzwa akizikanyaga.

"Nimeomba dirisha kwenye ukuta huo tangu tuoane," Dereva alisema. "Kumbe ningeomba trela."

Randa alizihamisha mbao zake moja moja, hakutaka msaada. Geti la nyuma alilitengeneza mwenyewe, akalipiga msasa kwa muda mrefu kuliko mlango wowote aliowahi kumwuzia mteja. Siku ya kwanza Dereva alipoliingiza trela ndani kinyumenyume, alilikwaruza getini, na geti likapata mchubuko mrefu. Randa alikuja, akauangalia, akaenda kuleta rangi.

Jambo ambalo hawakulitarajia lilikuwa watu wa mtaa wa nyuma. Kumbe miaka yote hiyo hawakujua kuwa ng'ambo ya ukuta kuna seremala. Geti lilipofunguliwa, bibi mmoja mwenye fimbo alichungulia, akauliza kinu chao kinasaga nini hasa, maana kelele anaisikia na unga hauoni. Alipoelezwa, akaingia, akakagua, akaagiza kigoda.

Kigoda kilipokamilika Randa akakitia kwapani ampelekee. Nyumba ya bibi ilikuwa pale ng'ambo ya barabara. Bibi akakataa.

"Ile gari yenu ya magurudumu mengi ni ya nani?" aliuliza. "Wengine mnawaletea vyombo kwa heshima, mimi kwa kwapa?"

Randa akafungua mdomo amweleze. Dereva alikuwa ameshashika funguo. Akaliunga trela, akakiweka kigoda katikati, akakifunga kamba pande zote nne, akawasha gari. Randa alitangulia kwa miguu akisimamisha baiskeli, huku bibi akimfuata na kuwaambia majirani waliotoka kutazama wakae pembeni, mzigo wake unapita.