Karata za Olegario

Nibia hakuwa mtu wa kupokea wageni jikoni. Huku Tacuarembó, kaskazini mwa Uruguay, Julai na baridi yake ikishaingia, familia nzima huhamia kwenye jiko la kuni. Watu wanakula hapo, wanagombana hapo, paka naye analala hapo. Lakini mgeni, hata awe jirani, huketishwa sebuleni kwenye viti vyenye vitambaa vya kufuma, atetemeke kwa heshima. Sebule ya Nibia ilifunguliwa kwa msiba, kwa padri, na kwa siku yake ya kuzaliwa.

Siku yake ya kuzaliwa ilikuwa leo. Baridi ilikuwa ya kukata masikio, na Waldemar alikuwa amepiga magoti kwenye zulia la shemeji yake mbele ya kompyuta kuukuu yenye skrini ya kijani, jasho likimtoka ndani ya koti. Aliiwasha. Ikanguruma, ikalia mlio mmoja, ikafikiri weee, kisha ikaandika kwamba hakuna diski ya kuamkia.

"Imesema nini?" Nibia aliuliza kutoka kitini. Alikuwa amevaa gauni la zambarau na hereni za harusi.

"Inasema tuvute subira kidogo."

Uongo mtupu. Lakini ungekuwa wewe ungemwambia nini?

Mambo yalikuwa hivi. Olegario, marehemu mume wa Nibia na kaka yake Waldemar, alikuwa bingwa wa truko, na truko ni mchezo wa karata ambao nusu yake ni karata na nusu ni kudanganya bila kupepesa macho. Enzi zile kompyuta hiyo ilipokuwa mpya, Olegario alijifungia nayo majira mazima ya baridi akaifundisha kucheza truko kama yeye, kwa hila zake na matusi yake yote. Alipofariki, Nibia akawa anacheza nayo kila jioni. Anaitukana, inamtukana, anaishinda, anakwenda kulala. Mpaka diski ilipoanza kukohoa, na siku moja ikagoma kabisa. Tangu hapo Nibia alikuwa akisema nyumba imenyamaza, halafu na yeye mwenyewe akaanza kunyamaza, na hapo ndipo Waldemar aliposhikwa na hofu.

"Nitakutengenezea, shemeji. Siku yako ya kuzaliwa utacheza naye," aliahidi, kwa mdomo wake mwenyewe.

Akaipeleka mashine nyumbani kwake. Akaunyofoa mchezo kwenye ile diski mgonjwa, akauweka kwenye flopi ya zamani, ile diski nyembamba ya kuchomeka, akaifomati diski yote upya, ikawa tupu, kisha akaurudisha mchezo kutoka kwenye flopi. Mashine ikaamka vizuri tu. Waldemar akacheza, akapigwa, akatukanwa na kaka yake, akacheka mpaka machozi. Halafu akajaribu kutengeneza nakala nyingine, ile flopi ikasagika ndani ya tundu lake na kutoka ikiwa takataka. Akasema ah, si neno, diski inayo.

Sasa diski ilikuwa haisomeki. Kama haiamki, basi Olegario amefutwa, na aliyemfuta ni mdogo wake wa tumbo moja.

"Shemeji," Aparicio akasema. Huyu ni kaka yake Nibia, ana bucha karibu na stesheni, na mdomo wake haujui kupumzika. "Hiyo si kompyuta tena, hiyo ni ng'ombe aliyekufa. Nipe kisu niwagawie nyama."

"Kaa kimya, Aparicio."

"Mimi nasema tu. Kwenye simu yangu truko zipo tele, za bure."

"Hizo hazina Olegario ndani," Nibia alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo kuliko kawaida. Dorila, jirani, aliacha kupulizia vidole vyake akainamisha macho.

Waldemar akafungua kifuniko. Akabana waya huu, akachomoa ule, akaurudisha. Akaizima, akaiwasha. Hakuna. Akaipiga kofi ubavuni kama walivyokuwa wakipiga redio zamani. Hakuna. Alipojaribu kurudisha skrubu ikamponyoka vidoleni mara tatu, kwa maana vidole vilikuwa vimekufa ganzi, na Nibia akamwonea huruma.

"Nenda jikoni ukaote moto kidogo, Walde. Unanitia uchungu."

Akaenda. Akanyoosha mikono juu ya jiko, akaanza kujilaumu kimoyomoyo. Kwake mbona iliamka? Diski ileile, nyaya zilezile, mikono ileile. Kwake alikuwa ameiweka wapi? Mezani jikoni, ubavuni mwa jiko, kwa kuwa ni mwendawazimu gani anafanya kazi nje ya jiko mwezi wa Julai?

Hapo akajipiga kofi kwenye paji la uso, kofi la haki.

Maana diski ya kizamani ni sahani ya metali, na kuifomati ni kuichorea njia ambazo kichwa cha kusomea kitazifuata baadaye. Sahani ikipata moto inatanuka, ikipoa inasinyaa. Yeye alichora njia zake kwenye joto la kuni. Kule sebuleni kichwa kilikuwa kinakwenda palepale kilipofundishwa, na njia imesogea, pengine unywele mmoja tu, lakini imesogea. Olegario hakufutwa. Alikuwa anasikia baridi.

Waldemar alirudi sebuleni karibu akimbie. "Nimejua. Inataka joto. Tuipeleke jikoni."

"Ipeleke," Nibia akasema. "Ikiamka uirudishe hapa."

"Ikirudi hapa italala tena."

"Kwa hiyo unasemaje?"

"Kwa hiyo wageni nao waje jikoni, shemeji."

Dorila alijifanya anaangalia picha ya komunio ukutani. Dorila huyo akiona jambo asubuhi, mchana linajulikana mpaka hospitali.

"Siwezi," Nibia alisema taratibu. "Jikoni nimeanika nguo."

"Nguo gani?" Aparicio akauliza.

"Nguo, Aparicio. Nguo za mwanamke."

"Tutafumba macho."

"Katika maisha yangu yote hajapata mgeni kukanyaga jiko langu. Mama yangu alikufa hajampokea mtu jikoni."

"Na Olegario?" Waldemar akamwuliza. Hakutaka kusema hivyo, lilimtoka tu. "Utamwacha hapa kwenye baridi?"

Nibia akamtazama shemeji yake, macho yamejaa machozi. Kisha akainuka, akabeba kiti chake mwenyewe, chenye kitambaa cha kufuma na kila kitu, akatangulia. "Nipeni nafasi nitoe nguo," akasema. "Na wewe Dorila, nitakayoyasikia sokoni nitajua yametoka wapi."

Wakaiweka mashine juu ya stuli kando ya jiko, kifuniko wazi, wakaifunika poncho, lile vazi la sufu la kujitanda, kama mgonjwa wa mapafu. Wakasubiri. Yerba, chai yao chungu ya majani, ikazunguka mkono kwa mkono, mikate ya kukaanga ikatoka kwenye mafuta, na Dorila akavua koti akasema kumbe huku ndiko mnakoishi, mbona kuzuri. Aparicio alipouliza kwa mara ya kumi kama nyama imeiva, Waldemar aliondoa poncho, akagusa diski kwa kiganja, akabonyeza swichi.

Ikanguruma. Ikalia mlio. Ikafikiri. Halafu likasikika lile krr krr krr la diski inayosoma, na Waldemar akainamia skrini. Skrini ikaandika: *Kaa chini, mwongo mkubwa. Jina lako nani?*

Nibia aliziba mdomo kwa aproni. Kisha akakaa, akaandika jina lake, na kabla ya yerba kumaliza mzunguko alikuwa amemshinda mumewe mkono baada ya mkono, huku akihesabu pointi zake kwa punje za maharage mezani. Mashine ilitukana, ikatupa karata, ikakubali yaishe.

"Mnaona? Ndivyo nilivyokuwa nikimfanya," alisema, uso unang'aa. "Alikuwa akitoka hapa kichwa chini."

Aparicio naye akataka kujaribu. Akaandika jina lake, akapigwa vibaya sana, akaambiwa arudi buchani akadanganye mizani. Waldemar akacheka mpaka akakohoa.

"Nipishe, hujui," Nibia akasema, akaketi akaendeleza mchezo ule ule bila kubadilisha jina.

Akapoteza mkono wa kwanza. Akapoteza wa pili. Alipodhani mashine inadanganya, ilikuwa na karata kubwa. Alipoiamini, haikuwa na kitu. Punje zake za maharage zilihamia upande wa pili zote. Akakunja uso. Akaanza upya, akaandika *Nibia*, na mashine ikatukana kidogo, ikatupa karata, ikakubali yaishe.

Akaandika tena *Aparicio*. Akapigwa. Akaandika *Nibia*. Akashinda.

Aparicio akaangalia dari, Dorila akagundua doa kwenye sketi yake. Waldemar aliona uso wa shemeji yake unavyobadilika akatamani angebaki sebuleni na ng'ombe wake aliyekufa.

"Huyu mshenzi," Nibia alisema hatimaye. "Alikuwa akiniachia."

"Shemeji..."

"Miaka yote. Nimejigamba kwa mtaa mzima. Nimejigamba kwa padri." Alikuwa mwekundu mpaka shingoni, na haikujulikana kama atalia au atarusha kibodi motoni.

"Naweza kuifuta hiyo sehemu," Waldemar akasema haraka. "Mahali alipoandika jina lako tu. Kazi ndogo."

"Ole wako uguse."

Akaandika *Aparicio*. Akavuta kiti karibu. "Haya, Olegario," akaiambia skrini. "Sasa tucheze kweli."

Akapigwa. Akapigwa tena. Keki ikakatwa pasipo yeye, mishumaa ikazimwa na Dorila. Nje kukaanza kunyesha na hakuna aliyetaka kuondoka. Nibia alicheza ameuma meno, akimwita marehemu majina ambayo siwezi kuyaandika, na mashine ilimrudishia yote. Mpaka mkono mmoja, akiwa hana karata hata moja ya maana, akaita "truko", neno la kupandisha dau, kwa uso mkavu, akalipandisha, akalipandisha tena, na Olegario akaamini. Akatupa karata. Skrini ikaandika: *Umeniweza.*

Nibia aliweka mikono mapajani.

"Nimemshinda," akasema. "Leo nimemshinda kweli." Kisha machozi yakamtoka, akayaacha yatiririke. "Na sasa nimringie nani?"

Waldemar alivuta stuli akakaa mbele yake, akamimina yerba, akampa.

"Niringie mimi, shemeji. Sina haraka."

Nibia akajifuta kwa aproni, akanywa, akavuta pumzi, akaanza kumweleza ule mkono tangu karata ya kwanza, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani.