Kamba ya Nadhir na Joginda

Kiangazi cha mwaka tisini na tisa kisima cha Thani kule Ibra, Oman, kilishuka mpaka pampu ikawa inavuta hewa tupu. Mitende ilikuwa imebeba, tende ndiyo kwanza zinaanza kugeuka rangi, na makuti ya chini yameshakauka yanalia kwa upepo. Shamba lile ndilo kitu pekee alichokipata tangu alipotolewa Unguja mdogo, mwaka wa mapinduzi, hana hata viatu. Na mtende ukifa umekufa. Ukipanda mwengine unampandia mjukuu. Hakuwa na njia ila kuchimba chini zaidi, na wachimbaji wote wa mkoa ule wa Sharqiyah walishachukuliwa kwenye visima vya watu. Alikuwa na vibarua wake wawili tu.

Joginda, Kalasinga wa Jalandhar upande wa India, ndiye aliyeshuka. Nadhir, Mpakistani wa Faisalabad, alibaki juu na kamba. Wote Wapunjabi, lugha yao moja, na Kiswahili walikiokota pamoja jikoni kwa Rahila, mke wa Thani. Kazi yao ilikuwa na sharti moja: wa juu hanyamazi. Aimbe, atukane, aseme uongo, lakini sauti yake ishuke shimoni wakati wote, ili wa chini ajue kwamba kamba ina mtu. Mwaka uliopita, nchi zao zilipojaribu mabomu ya atomiki, moja leo na nyengine kesho, waliyafanyia mzaha.

"We Nadhir, ukiniangushia ndoo nakurushia atomiki!"

"Rusha! Na sisi tunayo sasa. Tena yetu imeiva vizuri!"

Mwaka huu mzaha ulikwisha. Vita viliwaka Kargil, kwenye milima ya Kashmir, na chumbani kwao redio moja ikawa mbili. Kisha Joginda akapata habari kuwa mtoto wa jirani yao, askari, amerudishwa kijijini ndani ya sanduku. Toka siku ile Nadhir haimbi. Anagonga ndoo kwa jiwe, ngo, ngo, ngo, kuonyesha yupo. Joginda anashuka, anachimba, anapanda, hasemi.

"Kazi si inakwenda?" Rahila alimwambia mumewe. "Waache na kimya chao."

"Watu waliokula sahani moja miaka yote hii wagongeane ndoo kama wafungwa? Nitawakalisha kwa halwa na kahawa, wasemezane."

"Umekuwa Umoja wa Mataifa, bwana we? Wakubwa wao wameshindwa, utaweza wewe na halwa yako?"

"Sisi kule Unguja hatukukaa tukaambiana. Tulinyamaziana, mpaka siku tukachinjana. Jambo likisemwa toka mwanzo linakwisha."

Rahila akasonya.

Ijumaa baada ya sala Thani aliwaandalia halwa na dele la kahawa. Kama ilivyo desturi, hakuna aliyeligusa jambo lenyewe mpaka vikombe vilipotikiswa kuwa basi. Ndipo akauliza, "Haya. Nani aliyeanza?"

"Wao, arbab," alisema Joginda. Ndivyo walivyomwita tajiri wao. "Wameingia milimani kama wezi."

"Milima ya nani? Watu wa Kashmir wengi wao Waislamu. Mfalme wao Baniani akaitia India bila kuwauliza," alidakia Nadhir.

"Aliitia kwa sababu mlimpelekea watu na bunduki!"

"Na sabini na moja, nani aliyetuvunjia nchi vipande viwili?"

"Na sitini na tano nani aliyeanza?"

Thani alifurahi. Aliona yanatoka, kama usaha unavyotoka jipuni. "Rudini nyuma," aliwahimiza. "Nyuma zaidi, mpaka mwanzo kabisa."

Wakarudi mpaka arubaini na saba, Mwingereza alipoikata Punjab kwa kalamu akaenda zake. Hapo sauti zikashuka.

"Babu yangu si mtu wa Jalandhar," alisema Joginda. "Shamba lake lilikuwa Lyallpur."

Nadhir aligeuka kumtazama. Lyallpur ndilo jina la zamani la Faisalabad, mji wake. "Na sisi si watu wa Lyallpur," alisema polepole. "Tulifukuzwa Jalandhar. Lyallpur ndiko tulikopewa shamba la Kalasinga aliyekimbia."

"Lina kisima?"

"Kila shamba lina kisima."

"Basi katika kimojawapo wamo shangazi zangu. Watu wenu walipoizunguka nyumba, walijitosa wote, na watoto mikononi."

"Na kisima chetu cha Jalandhar nani alikijaza? Bibi yangu mlimtupa hai! Baba alikuwa mtoto, amejificha kwenye miwa, anamsikia mama yake anaita."

Thani aliwasukumia sahani ya halwa. Hakuna aliyenyoosha mkono.

Jumamosi Joginda alisimama ukingoni mwa kisima akakataa kujifunga.

"Sishuki na huyu juu."

"Si ndiye huyo huyo wa juzi!"

"Wa juzi nilikuwa simjui, arbab."

"Nadhir, basi shuka wewe."

"Ashike kamba yangu Kalasinga? Tena kisimani? Kamwe."

Thani aliiangalia mitende yake. Kisha akaichukua kamba akajifunga mwenyewe kiunoni, mtu mzima wa miaka arubaini na ushee, tumbo mbele. "Mimi si wa huko wala huko," alisema. "Nishikeni nyote wawili."

Wakamshusha. Chini kulikuwa na tope na joto la kukaba pumzi. Alipiga mtaimbo kwenye mwamba, akapiga tena, akapiga mpaka mikono ikachubuka. Juu walianza kusemeshana kwa Kipunjabi, kwanza kwa sauti ndogo, halafu kwa kubwa. Mtaimbo ukapenya ghafla na maji yakaruka, baridi, mengi kuliko alivyoyaomba.

"Maji! Nivuteni!" Akaivuta kamba. Kamba yote ikamwangukia mabegani.

Aliinua macho. Kwenye lile duara dogo la mbingu miili miwili ilikuwa imekamatana, na kokoto zinamdondokea usoni. Maji yalimfika magotini, kisha mapajani. Alijaribu kupanda, mawe yakateleza.

"Nadhir! Joginda! Wanangu, mimi nimo humu!"

Sauti zilipanda huko juu, lakini hazikuwa zikimjibu yeye.