Kiraka cha Mzee Ndimyake

Toleo jipya la programu lilitakiwa kutumwa saa kumi jioni, na Alinanuswe hakuwa na wasiwasi hata chembe. Programu hiyo ya Alinanuswe na wenzake inalinda matangi tisa ya kupozea maziwa wilayani Rungwe, na toleo linalokwenda kwenye matangi halina nafasi ya majaribio. Linapokea viraka vya lazima tu, yaani marekebisho madogo ya programu ambayo watu hutuma. Zamani alivichagua mwenyewe mpaka macho yakamuuma. Sasa mashine ndiyo iliyokuwa ikichagua. Aliifunza kwa maamuzi yake ya miaka mitatu, hiki nilikipokea, hiki nilikiacha, nayo ikaiga tabia yake kama mtoto.

Akiwa anasubiri chai, alipitisha macho kwenye vilivyokataliwa. Cha mwisho kabisa, kwa alama nne tu kati ya mia, kilikuwa cha Mzee Ndimyake wa Suma, mwalimu mstaafu wa hesabu aliyejifunza kuandika programu wakati wenzake wanafuga kuku.

"Mwagonile wapendwa," maelezo yalianza kwa salamu ya Kinyakyusa. "Huku hatujambo, mvua inatosha, ndizi zimezaa. Nimegusa kitu kidogo tu, msijisumbue."

Alinanuswe alicheka. Kisha akasoma kiraka chenyewe, na kicheko kikakatika. Kilirekebisha kosa la hatari: umeme ukikatika na kurudi, kipimajoto kiliendelea kuonyesha joto la awali. Maziwa yangeweza kuchacha huku skrini ikisema yamepoa vizuri. Na msimu huu wa mvua umeme haukai.

Akafungua kumbukumbu. Mzee alikuwa amekituma kiraka hichohicho mara kumi na moja. Mara nane za kwanza si mashine iliyokikataa; alikikataa yeye, baada ya kusoma salamu na neno "kidogo". Mashine haikukosea somo hata kidogo. Aliona aibu, akampigia mzee simu.

"Mwagonile, baba. Kwa nini hukusema ni jambo zito?"

"Ugonile, mwanangu. Sasa niwapigie simu watu kujisifu?"

"Lakini maziwa mbona hayajawahi kuharibika?"

"Aa, toleo lako likishatoka, mimi huwa nachukua bodaboda, napita tangi hadi tangi, Suma yote mpaka Kisondela. Nakiweka kwa mkono. Ukituma jingine linakifuta, basi narudia." Alilisema kama mtu anayeeleza anavyopalilia mahindi, bila lawama yoyote.

Matangi yote tisa, mara kumi, kwenye utelezi ule, na miaka yake sabini. Alinanuswe akakiingiza kiraka kwenye toleo kwa mkono wake mwenyewe, akakijaribu mara mbili, akatuma saa kumi na robo. Mzee alikuwa bado kwenye simu.

"Kesho usitoke, baba. Kimo ndani."

"Kimo?"

"Kimo."

Sauti ya mzee ilijaa furaha isiyofichika. "Basi ngoja nimwambie yule wa bodaboda asije."