Sakitu kwenye Mkono wa Mama Pasi

Mama Pasi alikuwa amefika kwenye shuka za ghorofa ya pili mkono wake wa kushoto ulipoanza kuota sakitu. Alifanya kazi ya kupiga pasi katika chumba cha kufulia cha hoteli, chumba kisicho na dirisha, chenye mvuke mzito kiasi kwamba wanawake wa humo walijifunga vitambaa vipajini ili jasho lao lisidondokee nguo za watu. Kwanza aliona malaika ya mkono, vile vinyweleo laini, yakisimama. Kisha, chini kidogo ya kiwiko, upande wa ndani, pale ambapo ngozi yake siku zote ilikuwa na doa jeusi la ukubwa wa sarafu, pakaanza kutetemeka peke yake. Ngozi ya pembeni ilikuwa imetulia na ilitoka jasho kama kawaida. Doa likavikwa barafu nyembamba, kama chumvi iliyomwagika mezani.

Aliusogeza mkono usije ukalowesha shuka.

"Barafu hiyo?" aliuliza mwenzake aliyekuwa akikunja taulo.

"Ndiyo."

"Basi kaa mbali na foronya. Nimeshazimaliza."

Ilikuwa Jumamosi. Mwanawe wa kiume, ambaye mtaa mzima ulimwita Twiga kwa urefu wake, hakuwa amerudi tangu zamu ya jana. Alikuwa mpangaji wa mizigo kwenye ghala la baridi ng'ambo ya reli, walikohifadhi kuku wa kugandisha. Twiga alikuwa mtu wa kuchelewa, si mtu wa kupotea. Angeweza kupitwa na kila kitu duniani isipokuwa chakula cha jioni cha mama yake, na jana chakula hicho kililala kwenye sufuria mpaka asubuhi.

Mchana Mama Pasi alimpitia bintiye, mwalimu wa biolojia katika shule ya sekondari ya jirani. Mwalimu aliutazama mkono, akachukua ufunguo wa maabara, akamkalisha mama yake kwenye stuli ya wanafunzi. Alikwangua doa kidogo kwa wembe, akapaka alichokipata kwenye kipande cha kioo, akadondoshea rangi, akainamia hadubini.

"Unaona nini?" mama aliuliza.

"Nakuona wewe. Seli zako zimepangana vizuri, kama vigae. Kila moja na utando wake, na kiini chake katikati. Zinapokea sukari, zinatoa taka. Hazina habari na lolote."

"Halafu?"

Mwalimu akasogeza kioo kidogo.

"Halafu yumo Twiga."

Alimtambua mara moja, jinsi mtu anavyomtambua nduguye kwa mbali kwa mwendo tu. Akamweleza mama yake kwamba mtoto akiwa tumboni si yeye tu anayechukua. Naye huacha. Seli zake chache huvuka kondo la nyuma, zikaingia katika damu ya mama, zikatafuta mahali pa kukaa, zikakaa. Huishi humo miaka na miaka, zikijigawa na kuzaana kimyakimya.

"Kwa hiyo hakutoka wote," mama alisema.

"Hakuna mtoto anayetoka wote, mama. Hata mimi nimo."

"Wewe uko wapi?"

"Sijui. Labda kwenye ini. Sijawahi kukusumbua, ndiyo maana hujui."

Mama alicheka kidogo, akaukumbuka mkono, akaacha. "Sasa Twiga anafanya nini hapo?"

"Anapigwa baridi." Mwalimu alirudisha jicho kwenye hadubini. "Utando wa seli una milango midogo. Hiki kinaingia, kile kinatoka. Baridi ikizidi unakuwa mgumu, kama mafuta ya kupikia yanavyoganda, na milango inakataa kufunguka. Lakini ndani zile mitokondria, majiko ya seli, zinachoma sukari kwa nguvu zote. Ndiyo maana panatetemeka."

"Basi yu hai."

"Yu hai, mama. Twende."

Kwenye geti la ghala mlinzi aliwaambia Twiga alitoka jana kwa miguu yake mwenyewe. Hakuwa amemwona akitoka, ila kila anayeingia hutoka, kwa hiyo alitoka. Mama Pasi akanyoosha mkono. Mlinzi akamwita msimamizi, mtu mwembamba ndani ya koti nene, ambaye aliisugua ile sakitu kwa kidole gumba na cha shahada kama fundi cherehani anayepima kitambaa.

"Hii ni ya chumba cha tatu," alisema. "Baridi ya chumba cha kwanza ina majimaji, ya chumba cha pili inanuka samaki. Hii ni kavu. Ya tatu hii, bila shaka."

"Basi mfungulie mwanangu."

Msimamizi aliangalia viatu vyake. Kitasa cha ndani cha chumba cha tatu kilikatika tangu msimu wa mvua, alisema, na walishalisema hilo mara nyingi. Mtu akifungiwa humo hawezi kujifungulia, na kuta zile ni nene, hata angepiga ngoma hasikiki. Jana jioni chumba kilijazwa mzigo na mnunuzi akaupiga mlango lakiri yake, muhuri usiofunguka bila kukatwa. Wa kusema lakiri ikatwe ni meneja tu.

Meneja aliwapokea vizuri. Aliagiza waletewe viti na chai, akautazama mkono kwa makini, hata akavaa miwani.

"Sikatai, mama. Nauona. Lakini lakiri ikivunjwa mnunuzi anaukataa mzigo wote. Lori linakuja Jumatano. Kama kijana yumo, Jumatano atatoka. Kama hayumo, tutakuwa tumeharibu kuku wa watu bure."

"Jumatano atakuwa amekufa," mwalimu alisema.

"Hilo mimi na wewe hatulijui, mwalimu. Anayejua ni Mungu." Akawasogezea sukari.

Kutoka hapo walikwenda polisi. Sajini aliligusa doa, akafuta kidole kwenye suruali.

"Mama, mkono huu ni wa nani?"

"Wangu."

"Basi anayepigwa baridi ni wewe. Siwezi kumkamata mtu kwa baridi yako." Alikuwa mtu mpole. Aliwasindikiza mpaka mlangoni, akamshauri Mama Pasi avae sweta.

Kufikia Jumapili doa lilikuwa limetanuka likawa kubwa kama kiganja. Mama Pasi alilikazia macho asubuhi nzima, kisha akamuuliza bintiye swali moja.

"Damu yangu si inapita hapo?"

"Inapita."

"Basi nitamlisha."

Akaanza kunywa chai ya moto yenye sukari mpaka kijiko kikaona taabu kugeuka. Alikula asichokitamani. Jumatatu, kazini, kila alipomaliza shuka aliuweka mkono karibu na pasi, karibu kiasi ambacho mtu mwingine angebabuka, akalisubiri joto limwingie. Wenzake walimsogezea pasi zao pia, wakimpisha kwa zamu. Alikuwa amembeba Twiga mara ya pili, na safari hii alikuwa mzito zaidi.

Mchana huo msimamizi wa ghala alikuja kwenye mlango wa nyuma wa hoteli, koti lake mkononi.

"Mama, kuna mahali kwenye mlango wa chumba cha tatu ambapo barafu haishiki," alisema. "Pana ukubwa wa kiganja. Tukipaangalia, panachuruzika maji."

"Ni yeye."

"Ndiyo. Nimeweka mkono wangu hapo. Pana joto, kama paji la mtoto mwenye homa." Akahamishia koti mkono wa pili. "Meneja amemwita fundi."

Mama Pasi aliishika fremu ya mlango. "Fundi wa kufungua?"

"Fundi wa kuongeza baridi."

Walisimama hapo, yeye na mama, mvuke ukiwapita katikati.

"Na mimi nina watoto," msimamizi alisema.

"Najua, baba. Rudi kazini wasije wakakutafuta."

Fundi alikuwa hodari wa kazi yake. Jumatatu hiyohiyo, kabla jua halijazama, doa kwenye mkono wa Mama Pasi liliacha kutetemeka. Malaika yake yalilala. Alifika nyumbani akiwa na uso wa mtu aliyetuliwa mzigo kichwani.

"Ametulia," alimwambia mwalimu. "Naona ameizoea. Si unajua Twiga, hata shuleni alilia siku ya kwanza tu."

Mwalimu alikuwa ameiazima hadubini na kuileta nyumbani. Aliiweka mezani karibu na dirisha, mwanga ungalipo, akakwangua, akapaka, akainama. Kati ya seli na seli maji yalikuwa yameganda yakawa sindano. Tando nyingine zilikuwa zimeshatobolewa. Ndani ya zile zilizobaki nzima majiko yalififia, moja baada ya jingine, kama madirisha ya jengo ambalo watu wake wanahama. Kila mwaka alisimama mbele ya kidato cha tatu akawafundisha kwamba mwili unaoacha kutetemeka kwenye baridi haujapata nafuu. Umeishiwa kitu cha kuchoma. Wanafunzi waliandika, na kwenye mtihani wengi walilipata swali hilo.

"Eti, mwanangu? Si ametulia?"

"Ndiyo, mama," mwalimu alisema. "Ametulia."

Akatoka na kile kioo, akakiosha bombani kwa muda mrefu, akakiosha tena. Aliporudi mama yake alikuwa amelala kwenye kiti, usingizi mzito, wa kwanza tangu Ijumaa.

Lori lilifika Jumatano kama meneja alivyoahidi. Mtu wa mnunuzi alikata lakiri, mlango ukafunguliwa. Twiga alikuwa ameketi nyuma yake, magoti juu, kwa kuwa kwa urefu ule nafasi iliyobaki isingemtosha vinginevyo. Kiganja chake cha kushoto kilikuwa kimeegemea mlango, na mlango ulipofunguka kilibaki vilevile hewani. Wapakiaji walitoa kuku kwanza, maana mlango ukikaa wazi mzigo unalainika. Kisha wakamtoa yeye.

Mwili mzima ulikuwa mgumu kama jiwe, isipokuwa kiganja kile, ambacho kilikuwa laini na cha moto. Daktari alikishika, akasema ni kweli kina joto, na kwamba joto la kiganja kimoja halimfanyi mtu kuwa hai. Mama Pasi alikishika tangu chumba cha maiti mpaka makaburini. Kilikuwa bado na joto walipofika, na hapo ikabidi akiachie.

Kampuni ilitoa tamko kwamba marehemu aliingia chumbani bila ruhusa. Ilituma pia salamu za pole na katoni za kuku. Waombolezaji walikuwa wengi, na kuku waliliwa.

Sakitu iliyeyuka. Doa halikurudi kuwa la ukubwa wa sarafu. Lilibaki kiganja kizima, jeusi kuliko ngozi ya pembeni, na likaanza kuota vinyweleo vigumu vya kiume. Mama Pasi alilipaka mafuta kila asubuhi. Siku moja mwalimu alilipima tena, akakuta kati ya seli zilizonusurika moja inajigawa: kiini kimevuta nyuzi zake pande mbili, kiuno kimebonyea katikati, ya mwanzo ikawa mbili. Akamwachia mama yake nafasi ili naye atazame.

"Anakua," mama alisema, jicho likiwa kwenye hadubini.

"Seli zinakua, mama."

"Nimesema anakua."

Mwalimu alimwekea mkono begani, wakabaki hivyo mpaka wanafunzi wa kipindi cha pili walipoanza kugonga mlango wa maabara.

Habari za mkono ule zilifika kwa wakubwa wa ghala, na hawakuzipuuza. Waliketi kikao. Kitasa cha chumba cha tatu hakikutengenezwa, kwa kuwa kutengeneza kungelazimu chumba kikae tupu, na oda zilikuwa nyingi. Badala yake walitoa utaratibu mpya, wakauandika kwa rangi nyekundu kwenye ukuta wa geti: asiye na mama hai asiombe kazi. Mama alitakiwa pia awe anaishi karibu, pa kufika kwa miguu, na akiona chochote mwilini mwake aje kumwona msimamizi saa za kazi. Wafanyakazi waliona ni jambo la busara. Gazeti moja lilisifu.

Njia ya Mama Pasi kwenda hotelini ilipita mbele ya geti hilo. Asubuhi moja alikuta foleni ya vijana, kila mmoja na mama yake. Mwanamke aliyesimama karibu na mwisho, mfupi, mwenye gauni la mikono mirefu, alijitoa kidogo kwenye foleni.

"Samahani, dada. Si wewe mwenye mkono?"

"Ni mimi."

"Huanzia wapi?"

Mama Pasi akapandisha nguo akamwonyesha. Mwanamke alitazama kwa heshima, bila kugusa. Kisha naye akafungua vifungo vya mikono ya gauni lake, akakunja mmoja, akakunja wa pili, akaigeuzageuza mikono yake juani. Ilikuwa mikono safi, ya rangi moja kutoka begani hadi kiganjani.

"Na kama mtoto hukumzaa?" aliuliza kwa sauti ya chini. "Yule pale ni wa marehemu mdogo wangu. Nimemlea tangu akiwa mchanga, ananijua mimi tu. Lakini tumboni mwangu hakupita."

Mama Pasi aliangalia alikoonyeshwa. Msichana mwenye mwanya, mabuti mapya miguuni, alikuwa akiingiza misuko yake ndani ya kofia huku akicheka na wa mbele yake.

"Wa ghalani umewaambiaje?"

"Nimewaambia ni wangu." Mwanamke akaishusha mikono ya gauni, akafunga kifungo kimoja, akafunga cha pili. "Ningesemaje, dada? Kazi yenyewe iko wapi?"

Msimamizi akafungua geti kwa ndani, na foleni ikaanza kusogea.